Neno Lisilotamkwa Mdomoni mwa Shimo

Hezekia alikuwa mzungusha winchi ya mkono kwenye machimbo ya Sekenke, na kazi hiyo aliipenda kuliko nyama. Wachimbaji walishuka shimoni kwa kamba yake, wakapanda kwa kamba yake, na kila aliyefika juu alimpa mkono. "Kwa Hezekia unashuka hata ukiwa usingizini," walisema. Sifa hiyo ilimnenepesha.

Na chapati pia zilimnenepesha, tusidanganyane. Zamani alipanda mlima kwa miguu kutoka nyumbani hadi machimboni, kifua kikiwa cha chuma. Tangu anunue pikipiki, hata dukani haendi bila kupiga kiki. Mwaka huu pumzi ikaanza kumkimbia. Mikono ilitetemeka kabla jua halijakaa vizuri, na ile kazi tamu ikageuka hofu. Kila kamba ilipokaza, moyo ulimlipuka paa! Je, leo ndiyo leo?

Kwa nini asiseme? Jamani, mdomoni mwa shimo "nimechoka" haitamkwi. Ni nuksi, ukiitamka, mwamba unakusikia na kuporomoka. Basi akaendelea kuzungusha.

Siku moja alikuwa akimpandisha Raymond, mdogo wa mkewe. Katikati ya safari mikono ikagoma. Mpini wa winchi ukarudi nyuma, na kutoka chini akasikia, "Shemeji!" Hezekia akaulalia mpini kwa tumbo, jasho likimwingia machoni. Akilini alimwona mkewe akipokea maiti ya mdogo wake. Aliogopa nuksi, akaogopa zaidi kuua.

"Nimechoka!" akapiga kelele. "Njooni, nimechoka!"

Waliokuwa wakiponda mawe wakaja mbio, wakaushika mpini. Raymond akatoka mzima, mweupe kwa vumbi, akaketi chini akihema.

"Nisamehe, shemeji," Hezekia akasema. "Niliwaficha."

"Ulimficha nani? Kamba inatetemeka tangu mavuno. Huko chini sote tunajua. Kila ukituvuta, tunasali."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tuliogopa. Neno lenyewe si unalijua?"

Kisha kamba, iliyokwisha shushwa tena, ikatikiswa kutoka chini: Melkiori, mchimbaji mwenzake Raymond, alikuwa bado shimoni, naye alitaka kupanda. Wale waponda mawe wakarudi nyuma, wakampisha Hezekia kama kawaida yao.

Hezekia aliutazama mpini mbele ya watu wote. Akasogea kando.

"Mvuteni ninyi," akasema.