Eustadia na Muhuri wa Tawi

"Wawili tu?" Eustadia alisema, karatasi ya boma ingali mkononi. "Nimemwaga siri ya mfuko wangu mbele ya makarani, ukoo mzima sasa unajua napata kiasi gani, halafu nakuja kuambiwa nichague kati ya wawili? Muuza dagaa pale sokoni ana mafungu mengi kuliko serikali?"

Nassibu hakuinua macho. Alikuwa anapitisha suruali ya mtu chini ya sindano ya cherehani, na pini tatu zilikuwa mdomoni.

"Wawili kwa kila rangi, mtani," alisema alipozitoa. "Mwafrika, Mhindi, Mzungu. Kila fungu unachagua mmoja. Ukiacha fungu moja, karatasi yako nzima inaharibika."

"Yaani nisipomchagua Mhindi nisiyemjua, hata Mwafrika ninayemjua naye anatupwa?"

"Ndiyo sheria."

"Sheria ya nani?"

"Uliza boma. Mimi fundi cherehani."

"Fundi ni asubuhi. Jioni wewe ni katibu wa tawi, na sasa hivi jua limeshapinda."

Waliokuwa barazani walicheka. Ilikuwa mwaka wa hamsini na nane, hapo Ng'ambo, Tabora, na baraza ya Nassibu ndiyo iliyokuwa ofisi ya tawi: meza moja, daftari, kibweta cha wino na muhuri wenye mpini wa mti. Vyama vilivyokuwa vinagombea vilikuwa viwili, kila kimoja na mtu wake katika kila fungu. Vilikuwa na majina yao marefu ya kwenye magazeti, lakini Ng'ambo hawakuhangaika nayo. Kimoja walikiita Kadi, kwa sababu kila mwanachama alitembea na kadi yake kifuani. Cha pili walikiita Tai, kwa sababu wapiga debe wake hawakuonekana bila tai shingoni, hata jua la Septemba likiwaka namna gani.

Kura yenyewe haikuwa ya kila mtu. Ulitakiwa uwe na darasa la nane, au cheo, au mapato ya pauni mia na hamsini kwa mwaka. Eustadia Lugembe alikuwa na darasa la tatu la misheni na hakuwa na cheo chochote, ila kuwa mjane, nacho hakihesabiwi. Alichokuwa nacho ni nta. Aliinunua kwa warina asali waliotoka porini upande wa magharibi, akaiyeyusha, akaichuja, akaiuza kwa matajiri wa mjini, na kila stakabadhi aliitunza ndani ya kopo la chai. Basi akabeba kopo lake mpaka boma. Karani alijumlisha mara mbili, mara ya tatu akamwita mwenzake aje ashuhudie. Jioni ile ile binamu yake wa Igalula alishuka kwenye treni kuja kuomba mabati ya nyumba. Kesho yake alikuja mpwa wake, yeye alitaka mahari. Kwa hiyo msomaji asishangae akimsikia mama huyu anaulizia thamani ya kura yake. Alikuwa ameinunua ghali.

Tena alikuwa mtu wa kuuliza tangu zamani. Bonge la nta halikupanda mizani yake kabla hajalikata katikati kwa kisu, maana wapo wanaoficha jiwe ndani, na wapo wanaoficha udongo. "Nje kila nta ina rangi ya nta," alikuwa akisema. Sasa alitaka kukata vyama.

Kisu chake kilikuwa swali moja. Kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iendayo Ujiji, mwendo wa nusu siku kutoka mjini, kuna kisima kiitwacho Kisima cha Wapagazi. Baba yake Eustadia alikinywea maji na mzigo wa pembe kichwani. Njia ya misafara ilikufa reli ilipokuja, lakini warina asali waliendelea kuifuata, na kisima ndicho kilichowafikisha. Miaka mitatu iliyopita kingo zilibomoka. Mwezi wa nane mwaka huu wa kura, mzee Mahona, mrina asali aliyemletea nta tangu mumewe yu hai, alifika uani kwake akakaa chini bila hodi wala salamu. Midomo ilikuwa imepasuka. Nusu ya mzigo wake alikuwa ameuacha njiani kwa kiu. Eustadia alimpa maji kidogo kidogo kwa kikombe, na kila kikombe alikuwa anajiuliza, hiki kisima ni cha nani?

Jumamosi akaenda barazani kwa Nassibu. Watu walikuwa wamejipanga kugongewa kadi.

"Mtani," alisema, "chama chako kikishinda, Kisima cha Wapagazi mtakichimba?"

"Tukishinda, mtani, tutakuchimbia kisima hadi uvunguni. Mnyamwezi asipotembea kutafuta maji atatembea kutafuta nini?"

Watu wakacheka. Babu yake Nassibu alikuwa Mzigua aliyekuja na msafara, akaoa, na safari ya kurudi pwani ikamshinda. Wazigua na Wanyamwezi walitaniana njia nzima toka enzi hizo, na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Eustadia naye akacheka.

"Haya. Sasa nijibu."

"Baba yako alikunywa pale asilipe. Ndiyo maana kimekauka."

"Baba yangu alimbeba babu yako alipoumwa miguu. Nijibu."

"Nikujibu nini, nawe unayeyusha nta mpaka umeyeyuka masikio?"

Mara tatu aliuliza, mara tatu akachekeshwa. Ndipo akanyoosha mkono, akachukua muhuri mezani, akaufunga pindoni mwa khanga, mafundo mawili.

"Nimekukamata," alisema. "Nikomboe."

Hiyo ni haki ya mtani: hushika kitu cha mtani wake, na mwenye kitu hukikomboa. Nassibu alicheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani.

"Kuku mmoja?"

"Kuku ninao. Nikomboe kwa jibu."

Akaondoka. Wazee wa Ng'ambo walicheka mpaka anapinda kona. Lakini katika foleni ile walikuwamo vijana wawili watatu wageni, waliokuja na kazi ya reli, wenye kadi mpya na moto wa kadi mpya. Wao hawakuona mtani. Walimwona mwanamke mwenye hela akiondoka na muhuri wa tawi siku kumi kabla ya kura, na kuku wa Ng'ambo walikuwa hawajapanda vichanjani habari ilipokuwa imekwisha pikwa: mama wa nta ametumwa na Tai.

Wa kwanza kuiamini alikuwa Tai mwenyewe. Jumatatu asubuhi Bwana Modest, karani mstaafu kutoka Bukoba na mpiga debe wa chama cha pili, aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa Eustadia, akafuta viatu kwa leso, akabisha hodi.

"Karibu upande wetu, Mama," alisema baada ya salamu. "Tumesikia kwa furaha."

"Mmesikia nini?"

"Kwamba umewapokonya muhuri."

"Ule utani, Bwana Modest. Nassibu ni mtani wangu."

Modest alitabasamu kama mtu anayeambiwa fumbo. Kwao Bukoba hakuwa na mtani Mzigua. "Hata hivyo," alisema, "siku hizi, Mama, hakuna mtu asiye na upande. Huko umetoka, basi huku umefika."

"Mimi sijatoka nyumbani kwangu. Lakini maadam umekuja, kaa." Akamsogezea kigoda, akamwuliza juu ya kisima.

Modest alikohoa kidogo. "Visima vyote vitashughulikiwa kwa utaratibu, wakati wake utakapofika."

"Utafika lini?"

"Hilo haliwezi kusemwa."

"Nani anaweza kulisema?"

"Wahusika."

"Wanakaa wapi?"

"Nani?"

"Hao wahusika. Nikitaka kuwagongea, nigonge mlango upi?"

Modest akatazama viatu vyake vilivyofutwa. "Una lugha ya kuchekesha sana, Mama," alisema, akapanda baiskeli. Eustadia alibaki mlangoni anajisemea: yule amenijibu kwa kicheko, huyu amenijibu kwa kikohozi. Wawili, na swali moja limewashinda.

Baiskeli ile ndiyo iliyommaliza. Mtaa mzima ulikuwa umeiona ukutani kwake. Wiki hiyo warina asali walipofika, walikuta vijana wanawangoja mwisho wa njia: mama wa nta kahama, mpelekeeni mwingine. Siku mbili mizani ya Eustadia ilining'inia tupu. Siku ya tatu alimwona mzee Mahona anapita ng'ambo ya barabara na kilindo chake begani, lile pipa la magome wanalobebea asali, kichwa kainamisha kama mtu aliyeangusha sindano. Aliingia kwa mnunuzi mwingine. Mahona, yule yule aliyemnywesha maji kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo Eustadia alipoacha kuona jambo lote kuwa mchezo.

Akaenda kwa Nassibu. Baraza ilikuwa tupu, cherehani imefunikwa.

"Waambie," alisema. "Waambie muhuri niliushika kwa utani."

"Mtani, vijana wana moto. Nikisema hivyo wataniuliza ulitaka nini."

"Nilitaka jibu. Si uwaambie?"

"Nao watauliza, jibu lenyewe liko wapi."

"Na mimi nauliza hilo hilo."

Nassibu akaingia ndani, akatoka na kuku mweupe aliyefungwa miguu. "Chukua, nipe muhuri. Nasaini kadi kwa mkono kama mgonjwa wa homa."

"Nimekwambia kuku ninao."

"Basi unanifanya mdeni mpaka lini?"

"Mpaka utakapoacha kucheka," alisema Eustadia, akamwacha na kuku wake. Nassibu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mtu mbaya ungemjua la kumfanya.

Siku ya kura alivaa gauni la Pasaka. Foleni ilikuwa ya wanaume, walimu na makarani, na wanawake wa kuhesabu kwa vidole. Aliyekuwa mbele yake alisogea hatua, wa nyuma akabaki alipo, hata akajikuta amesimama peke yake katikati kama mti ulioachwa shambani. Ndani, karani alimpa karatasi na kumwonyesha kijumba cha pazia.

"Samahani, mwanangu," Eustadia alisema. "Asiyetaka yeyote kati ya hawa anaweka alama wapi?"

"Hakuna mahali pake, Mama."

"Na anayetaka kuuliza kwanza?"

"Hapa ni pa kupiga kura tu."

"Mmeshapata mtu mwingine aliyeuliza hivyo?"

Karani akatazama kushoto na kulia. "Wewe wa nne," alinong'ona.

Hilo lilimfurahisha, hata hakujua kwa nini. Nyuma ya pazia aliyatazama majina kama anavyotazama mabonge ya nta, lakini karatasi haikatwi kwa kisu. Alifikiri juu ya Mhindi asiyemjua na Mzungu asiyemjua. Alimfikiria Modest na wahusika wake wasio na mlango. Kisha akaifikiria baraza ya Nassibu: mwongo wa mzaha, mwoga wa vijana, lakini kila asubuhi yupo, na ukitaka kumgombeza unajua pa kwenda. Si sababu kubwa. Ndiyo aliyokuwa nayo. Akachora alama tatu za Kadi, kwa hasira, ya tatu nusura itoboe karatasi, akaikunja, akatumbukiza.

Muhuri ulikuwa pindoni mwake wakati wote huo.

Siku nne zilipita. Siku ya tano, saa ya soko, warina asali wakiwa wamejaa mbele ya yule mnunuzi wa ng'ambo ya barabara, Nassibu alitokea na vumbi jekundu tangu viatuni mpaka magotini. Mkononi alikuwa na yule kuku mweupe. Hakuingia uani. Alisimama katikati ya barabara, mahali pa kusikika pande zote.

"Nyie," alisema, "Mama Eustadia hakuhamia popote. Muhuri aliushika kwa utani, mbele yangu, nami nilicheka. Akaniuliza chama kitakichimba Kisima cha Wapagazi au hakitakichimba. Jibu langu ni hili: sijui. Nimeandika barua kwa wakubwa, sijajibiwa. Jana nimekwenda kukitazama, nimekunywa matope. Nilipaswa kusema sijui tangu siku ile. Niliona haya, katibu mzima."

Kijana mmoja wa kadi mpya aliguna. Nassibu akamgeukia. "Wewe unajua? Kama unajua, sema."

Kijana akarudi nyuma ya wenzake.

Mzee Mahona alikuwa amesimama na kilindo begani. Alivuka barabara taratibu, akakishusha chini ya mizani ya Eustadia, akasema, "Shikamoo, mama," yeye aliyemzidi umri kwa miaka ishirini. Eustadia alikataa kuitikia shikamoo ya mtu mzima kama yule. Alimsogezea kigoda, akamwambia aketi.

Kisha akafungua mafundo mawili ya pindo, akamwekea Nassibu muhuri kiganjani.

"Sijui," alisema. "Neno fupi hivyo, na umelibeba wiki mbili."

"Lilikuwa zito. Na kuku?"

"Rudi naye."

"Mtani, usinidai baadaye. Nakujua."

"Nimekusamehe. Mpeleke nyumbani, mfungue miguu, amekaa amefungwa kuliko mfungwa."

Nassibu akamtazama kuku, akamtazama Eustadia. "Ningejua utasamehe," alisema, "nisingekuja na huyu anayetaga."