Kikwembe cha Mama Mkwe Kidimbwini

Aibu yenyewe naitaja mwanzoni ili tusisumbuane: siku ambayo baba wa mchumba wangu alipaswa kusema ananikubali au la, nilishuka kilimani mbele ya ukoo wake wote nikiwa nimevaa kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, cha mkewe.

Mimi ni mtu wa Butembo, nauza mchele na mafuta kwa jumla hapa Lubumbashi, na Béatrice ni binti wa dereva wa treni aliyestaafu. Kila mwaka mvua za kwanza zikianza, ukoo wao hupanda kilima kimoja upande wa Kambove, hadi kwenye kidimbwi ambacho babu yao mchimbaji alikuwa akioga siku za mapumziko. Wanasali, wanakula bukari (ugali wa huku), wanashuka. Mwaka ule nikaalikwa, na Papa (sote tunamwita hivyo) akasema jibu langu atalitoa baada ya kula. Kwao mkwe hamgusi mama mkwe wala hamtazami usoni, na salamu hupitia kwa mtu mwingine, kwa hiyo kwa miezi mitano yule mama nilimfahamu kwa miguu yake tu.

Alfajiri ile mvua ya mawe ilikuwa imepiga kilimani, na tulipofika tukakuta ukingo wa kivulini bado mweupe pe. Watoto wakauliza ni nini.

"Iko mvula ya mabwe tu," Papa akasema.

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa na heshima zangu.

"Hapana, Papa, hii ni neige, theluji. Kwetu Ruwenzori tunatembeaka juu yake." (Ruwenzori nimeiona mara mbili maishani, kwa mbali sana, na mara ya pili nadhani lilikuwa wingu.)

Watoto wakashangilia, shangazi mmoja akatoa simu apige picha, nami, ndani ya suruali ya kuazima ya kaka yangu ambaye ni mnene kuliko mimi, nikaingia kwenye ule weupe nikiwaelezea namna ya kukanyaga theluji, kisigino kwanza. Hatua ya tatu, chini hapakuwa na kitu. Mawe yale yalikuwa yamelala juu ya majani yanayoelea, nikazama hadi kifuani kwenye tope la baridi, nikiwa bado naeleza.

Papa ana goti bovu, vijana walikuwa bado chini na masufuria, Béatrice alicheka hadi akakaa (nimemsamehe). Aliyekuwa karibu ni mama mkwe. Alifikiri kidogo, kisha akafungua kikwembe cha juu kati ya viwili alivyovaa, akanirushia ncha.

"Shika kikwembe! Mukono yangu usishike!"

Akavuta, na mama yule ana nguvu. Mimi nikatoka, suruali ikabaki. Cha kujifunika kilikuwa kile kile kikwembe, cha buluu, chenye kuku wa manjano. Nikajifunga. Shangazi akarudisha simu mkobani, na hapo nikaogopa kweli, maana nilimpenda Béatrice na niliona nimempoteza kwa hatua tatu.

Tukala bukari. Mwishowe Papa akasimama.

"Kama iko mukwe, ile ni haya kubwa. Lakini mutoto, mama yake anamufunga kikwembe, hakuna mambo. Basi, huyu iko mutoto yetu. Tumemukubali."

Ndivyo nilivyooa. Ila mtoto ni mtoto: mama sasa ananitazama usoni, ananituma nikanunue unga, ananikatiza nikiongea. Juzi mvua ya mawe ilipiga kwake Ruashi, ua ukawa mweupe, naye akaniita mbele ya wageni wangu wa Butembo.

"Mutoto yangu, kuya utuambie, hii ni nini?"

"Sijui, mama," nikasema. Na sitajua tena hadi nife.