Mkeka Mbele ya Kamera

Juzi nilisimama kwenye kaunta ya duka la vifaa vya umeme, Kilindoni, nyuma ya bibi mmoja wa Utende anayesuka mikeka. Alitaka kamera. Binti yake amemtengenezea tovuti, na mteja wa kwanza karudisha mkeka: kwenye picha aliuona wa rangi ya machungwa, ulipomfikia ni mwekundu.

Muuzaji akaanza kusifia kamera kubwa. Bibi alifungua kikapu, akatandaza mkeka palepale juu ya kaunta.

"Hebu upige picha, mwanangu, niuone."

Muuzaji akapiga. Bibi akatazama kioo cha kamera, akatazama mkeka, akatikisa kichwa. "Huu si wangu."

Kamera ya pili nayo ikatoa rangi ya machungwa. Bibi akainua macho kwenye taa ya manjano iliyoning'inia juu yetu. Akaubeba mkeka hadi mlangoni, kwenye mwanga wa nje, akaupiga picha kwa simu yake mwenyewe. Mwekundu!

"Kumbe ni taa yako, kama ile ya kwangu nyumbani," akasema. "Kamera sitaki tena. Nipe stendi ya simu."

"Ya nini tena, bibi?"

"Ya video. Nikisuka, mikono yote miwili ina kazi. Nani atanishikia simu?"

Nami nilikuwa na boksi la kamera mkononi, maana picha ninazopiga sebuleni kwangu zote zina giza. Nikalirudisha kabatini kimya kimya, nikaenda nyumbani kufungua madirisha.