Mwalimu Aliyeacha Kutuhesabu

Nakumbuka asubuhi ile Mwalimu Kioko alipotuuliza ngamia wa baba zetu ni wangapi. Mwanangu, wewe uliyepangiwa kwenda kufundisha Lafey, au kwetu Tarbaj, au popote ambapo ndugu zako wanakuonea huruma ukipataja, kaa kidogo unisikilize. Mimi ni mlinzi wa lango la shule hapa Garissa. Darasani niliishia la nne. Lakini kuhusu walimu ninalo la kusema, na waliokosea nitawataja kwa majina.

Mwalimu Kioko alikuwa kijana mwembamba kutoka Ukambani, mwalimu wa pekee katika shule yetu ya mabati karibu na kisima, upande wa Tarbaj. Siku zake za mwanzo alikuwa mwalimu mbaya, sikufichi. Asubuhi hiyo alitaka kutufundisha kujumlisha, akasema kila mtoto aandike idadi ya ngamia wa kwao. Hakuna aliyeandika. Kwetu mtu haulizwi hivyo. Mfugaji hatamki idadi ya mifugo yake, anaogopa kijicho, na anayeuliza anadhaniwa ana nia mbaya. Kiswahili chetu cha kuokota hakikutosha kumweleza. Bishar, mtundu wetu, akasema, "Mwalimu, anza wewe. Mbuzi ya mama yako ngapi?"

Tulicheka mpaka madaftari yakaanguka. Mwalimu akaona ni utovu wa adabu, akatusimamisha juani mpaka adhuhuri. Nilipofika nyumbani nikamwambia aabo, yaani baba yangu. Hata chai hakuimaliza. Alikwenda shuleni fimbo begani, mimi nyuma yake.

"Wewe mwalimu, ngamia yangu unatafutia nini? Nani ametuma wewe?"

"Mzee, ni hesabu tu ya watoto."

"Basi hesabu vidole yao," aabo akasema, akageuka kwenda zake.

Sasa sikia alichofanya. Kesho yake, kabla ya kushika chaki, alisimama mbele yetu akasema, "Jana nilikosea. Nyinyi mlijua jambo nisilolijua, nikawachoma na jua kwa ujinga wangu. Nisameheni." Wallahi, sikuwa nimewahi kusikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha, na tangu siku ile nimesikia mara chache sana. Kisha akauliza, na alikuwa anauliza kweli, "Kama hamhesabu, mnajuaje mmoja amepotea?"

Nikamjibu mimi. "Tunaangalia tu, mwalimu. Kila moja tunajua jina yake, sura yake, hata mguu yake mchangani. Ambaye hayuko anaonekana."

Alirudia maneno hayo polepole, kana kwamba mimi ndiye mwalimu. Kuanzia hapo aliingia darasani akatutazama usoni kwanza, kisha ndipo akafungua daftari la mahudhurio. Nilipolala siku tatu na malaria, alikuja nyumbani kwa miguu. Aabo akamtazama muda mrefu, halafu akamkaribisha maziwa ya ngamia. Ndiyo ilikuwa suluhu yao. Hesabu akaanza kutufundisha kwa maji: ngamia mmoja akinywa madebe matano, watatu watakunywa mangapi? Mimi niliyeitwa mzito wa kichwa nilielewa kuzidisha siku hiyo, kwa sababu madebe hayo nilikuwa nimeyateka kwa mikono yangu hii. Nilianza kujiona mtu wa kalamu. Nilitaka kufika mbali.

Hapa anaingia Hirsi Dagane. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na ufunguo wa stoo ya mahindi ya wanafunzi alikaa nao yeye. Nusu ya mahindi ilipotelea kwake. Alimtaka mwalimu atie sahihi kwamba yote yamepikwa shuleni, mwalimu akakataa. Kijiji kizima kilijua. Hakuna aliyefungua mdomo.

Kiangazi kilipokaza, mimi na kaka yangu Nuur tuliwapeleka ngamia malisho ya mbali. Wezi walikuja alasiri na bunduki. Nuur alipigwa risasi akafia pale pale. Mimi nililala ndani ya kichaka cha miiba mpaka sauti zikaisha. Ngamia wote wakaenda.

Baada ya kumzika Nuur, wanaume walikutana karibu na kisima. Hirsi akasimama. "Mtu gani hapa aliwahi kutaka idadi ya ngamia ya watu?" Macho yote yakamgeukia Mwalimu Kioko, aliyekuwa amekuja kutupa pole. Kisha Hirsi akaniita. "Waryaa, Abdi! Mwalimu aliuliza ngamia ya baba yako ni ngapi, au hakuuliza?"

Nikasema, "Aliuliza."

Basi. Nikaishia hapo. Ningeweza kuongeza kwamba hakuna aliyemjibu. Ningeweza kusema kwamba aliomba radhi, na kwamba wezi hawahitaji idadi, wanahitaji kujua tu malisho yako wapi, nayo kila mtu aliyajua. Lakini Hirsi alinikazia macho, na uchungu wa Nuur ulikuwa unatafuta mtu wa kumwangukia. Mwalimu aliniangalia. Hakuniambia, "Abdi, maliza." Alingoja tu, kama alivyokuwa akingoja darasani mtoto akitafuta jibu. Aabo naye, aliyemnywesha maziwa, alitazama chini.

Ikasemwa ndiye aliyewapa wezi habari zetu, akaondoka siku hiyo hiyo juu ya lori la mbuzi. Mwalimu mwingine hakuja. Shule ikafungwa, Hirsi akabaki na ufunguo wake, akazeeka akiheshimiwa. Namtaja Hirsi Dagane. Namtaja aabo, Mungu amrehemu. Na wa tatu ni mimi, Abdi.

Ukame ulimaliza mifugo yetu iliyobaki, nikashuka Garissa. Mke wangu amefariki, watoto wangu wa kuzaa wako Nairobi na simu zao hazilii kwangu. Kutwa nakaa langoni, nasikia watoto wakiimba hesabu, nami nazijibu kimya kimya mpaka wanapofika nisipojua. Hapo ndipo shule yangu iliishia.

Kwa hiyo, mwanangu, vyeti vyako ni vizuri, vitunze. Lakini ukifika huko, jua kwamba watoto wanajua mengi usiyoyajua, na uwaulize bila kuona haya. Ukikosea, sema umekosea, tena mbele yao, si pembeni. Mtazame kila mmoja usoni kabla hujafungua daftari, na asiyekuwepo mtafute. Mambo hayo hayahitaji pesa ya serikali. Na uwafundishe kusema jambo lote, hata mkubwa akiwakazia macho, kwa sababu Mwalimu Kioko alinifundisha kila kitu isipokuwa hilo, au labda alinifundisha nami nikamwangusha.

Nenda salama. Mungu akupe maji karibu na nyumba yako, na majirani watakaokugongea mlango ukiugua. Na siku watakapokusema vibaya, akupe mtoto mmoja tu, hata wa darasa la nne, atakayesimama aseme yote anayoyajua. Amin.