Fundi Asiyeamkia Watu Njiani

Mtaani wanamwita Bi Maringo. Mimi namwita Fundi, maana ndiyo kazi yake, na tangu nihamie chumba cha ubavuni mwake sijaona maringo yoyote, labda kama kushika ukuta ni maringo.

Ni mwanamke wa makamo, mwembamba, anashona nguo za kike. Cherehani yake iko dirishani. Ukimkuta amekaa pale, hakuna mchangamfu kama yeye.

"Karibu, Mama Kibonge! Huyo bwana mkubwa ameshiba, au amekuja kunifokea?"

Kibonge ni mwanangu, hata kutambaa bado. Fundi huongea naye huku anatunga uzi kwenye sindano, na uzi unaingia kama umeitwa.

Sasa mkute njiani. Anakuja amekaza shingo kama aliyebeba maji kichwani, miguu ameitanua kidogo, vidole vinapapasa ukuta. Utamtolea tabasamu, atakupita. Utampungia mkono, atakupita. Wenye maneno yao wakasema tangu alipolazwa akapona anajiona amefufuka, hana haja na watu. Mmoja mmoja wakaacha kumwita kwenye shughuli zao. Nguo walileta, kwa sababu anashona vizuri, lakini walizitupa mezani wakaondoka.

Yote hayo aliyavumilia. Lililomkaba ni la dada yake.

Dada yake ana duka la ndoo na mabeseni mtaa wa pili, na watu humwita Mama Ndoo. Mama yao alifariki Fundi akiwa mdogo, dada ndiye aliyemlea, akambeba mgongoni, akampeleka kujifunza cherehani. Siku moja Mama Ndoo alikuwa amesimama na wanawake wa kikundi chake. Akamwona mdogo wake anakuja, akawaambia kwa fahari, "Yule ni wangu, nimemlea kwa mikono hii." Fundi akapita karibu kiasi cha kuguswa. Hakusema shikamoo. Hakugeuka. Wale wanawake wakainamisha nyuso, mmoja akacheka puani. Tangu siku hiyo Mama Ndoo hajakanyaga kwa Fundi, na Fundi alipokwenda dukani kuuliza kuna nini, aliambiwa kwa ubaridi, "Mteja, unataka saizi gani?"

Habari hizi nilizipata kidogokidogo. Mume wangu anafanya kazi mbali, na mimi siku nzima naongea na mtu asiyejua kusema, kwa hiyo macho yangu hayana kazi nyingine. Niliona Fundi akinawa uso bombani anatumia mkono mmoja, wa pili umeng'ang'ania bomba. Sabuni ikimfumba macho anayumba. Jua likizama hatoki. Akitaka kusoma kibao cha duka, kwanza anasimama kabisa.

Siku moja nikamuuliza, "Fundi, unaumwa?"

Akafunga mlango ndipo akanijibu.

"Nikitembea, dunia inaruka. Nyumba zinaruka, watu wanaruka. Uso wa mtu nauona kama umefutwa kwa kidole. Nikisimama, kila kitu kinatulia."

"Mbona husemi?"

"Niseme macho yangu mabovu? Nani ataniletea kitambaa chake nikikate?"

Alikuwa ameshanunua miwani mara mbili, kwa siri. Haikusaidia. Nikambembeleza mpaka akakubali kwenda hospitali kuu, kwa sharti kwamba nimsindikize na nisimwambie mtu.

Daktari wa macho alimkalisha mbele ya ubao wa herufi. Fundi akasoma zote, mpaka zile za chini kabisa zilizo kama sisimizi. Mimi mwenyewe sikuziona vizuri. Daktari akakuna kidevu, akauliza kama aliwahi kupigwa sindano nyingi. Fundi akasema ndiyo, alipolazwa, damu ilikuwa na vijidudu, alichomwa dawa wiki kadhaa. Daktari akamwambia asome tena huku anatikisa kichwa kama anayekataa kitu. Akaweza mstari wa juu tu, ule wa herufi kubwa kama mlango.

"Macho yako mazima," daktari akasema. "Nenda chumba cha masikio. Kuna mtafiti pale anawatafuta watu kama wewe."

"Masikio?" Fundi akanitazama. "Huyu naye."

Mtafiti alikuwa dada kijana, viatu vyake havilii. Alikuwa akichunguza watu waliopoteza usawa wa mwili, na akasema anahitaji pia wazima wa kulinganisha nao. Basi nikawekwa mimi kwanza. Akanivika miwani ya mpira iliyobana, yenye kamera ndogo inayotazama jicho. Fundi akampakata Kibonge, akacheka, "Umekuwa mchomelea vyuma, Mama Kibonge."

"Tazama alama ile ukutani, usiiache," mtafiti akaniambia. Akanishika kichwa kwa nyuma, akakigeuza ghafla, kidogo tu. Kulia. Kushoto. Baadaye akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta. Kichwa changu kimerushwa huku, jicho langu limekwenda kule, kwa wakati uleule. Sikuliamuru mimi. Lilikuwa limeganda kwenye ile alama kama kupe.

Ikawa zamu ya Fundi. Kichwa kikageuzwa, na jicho likaenda nacho, likaipoteza alama, kisha likaruka kurudi kama mtu aliyepitiliza kituo chake. Mtafiti akarudia upande wa pili. Vilevile.

Akatueleza taratibu. Ndani kabisa ya sikio kuna vifereji vyenye maji. Kichwa kikigeuka, maji hayo yanajua, na sikio linalipasha jicho habari upesi, kabla mtu hajafikiri, ili jicho liende upande wa pili na unachotazama kitulie. Dawa iliyomponya Fundi iliuchoma mtambo huo pande zote mbili. Kusikia anasikia, lakini habari haziendi tena. Kwa hiyo kila hatua inaitikisa dunia yake, na akifumba macho hana cha kumwambia kama amesimama au anaanguka.

"Na mtoto huyu, anao mtambo huo?" Fundi akauliza.

Mtafiti akamchukua Kibonge, akamshika kifuani wakitazamana, akageuka naye taratibu. Macho ya mwanangu yakabaki nyuma kidogo, yakiung'ang'ania ukuta uliokuwa ukimpita, kisha yakafuata.

"Anao. Amezaliwa nao."

"Haya," Fundi akasema. "Hata huyu amenishinda."

Mtafiti akamfundisha mazoezi: abandike herufi ukutani, aikazie macho huku anatikisa kichwa, kila siku. Akasema wazi kwamba mtambo hauoti tena, ila ubongo hujifunza njia za pembeni, na hatua zitakuwa imara zaidi. Fundi alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akauliza lile lililomleta.

"Dada yangu akija mbele yangu njiani, nitamjua?"

"Ukisimama, utamjua. Ukiwa unatembea, itabidi yeye aongee kwanza."

Fundi akanigeukia. Aongee kwanza! Mkubwa amwamkie mdogo!

Wakati wa kurudi nilimwambia akamweleze dada yake. Akakataa. "Nitaanzia wapi? Kwamba sikumsalimia kwa sababu ya masikio? Atasema sasa namfanya mjinga." Ila sharti lake la kunyamaza alilifungua nusu. "Wewe ukiongea, mdomo ni wako."

Nikaenda kununua beseni la kumwogeshea Kibonge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hilo la bluu ni gumu, hata akilipiga mateke."

Nikalishika lile la bluu, nikamweleza. Alinisikiliza huku anapangusa ndoo ambazo hazikuwa na vumbi.

"Sindano anaiona," akasema, "mimi na mwili wote huu hanioni?"

"Sindano haitembei, mama. Na yeye huwa amekaa."

"Amekutuma?"

"Hajanituma. Mama, umewahi kupiga picha za video kwa simu huku unakimbia?"

"Mimi nikimbie nakwenda wapi?"

"Basi umeziona. Zinavyorukaruka, huwezi kumjua mtu. Ndivyo anavyoona yeye akitembea. Mpaka mtu amwite."

"Kwa hiyo mdogo wangu amekuwa simu." Alisema kwa dhihaka, lakini kitambaa kilikuwa kimesimama mkononi. "Na mimi nimwite. Nimpigie shikamoo barabarani, mtoto niliyemfunga nepi. Wewe utamwamkia huyo uliyembeba?"

"Namwamkia kila asubuhi."

Akalifunga beseni kwa kamba, akanigeuzia mgongo.

Siku zikaenda. Fundi alifanya mazoezi yake, nilimwona kupitia dirishani akitikisia kichwa herufi moja ukutani, peke yake, kama anayebishana nayo. Watu wapya wa kumsingizia wazimu hawakukosekana.

Asubuhi moja tulikuwa tunakwenda kununua nyuzi. Mama Ndoo akatokea mbele yetu, upande uleule wa njia. Nilikwisha kufungua mdomo. Lakini Fundi alishanionya, "Usinitajie wanaokuja. Siku hupo nitafanyaje?" Na Mama Ndoo naye alinikazia jicho nisiseme kitu. Fundi akaendelea kutembea, shingo kavu, anamwelekea dada yake kama anavyoelekea nguzo.

Mama Ndoo akapunguza mwendo. Akafika usawa wetu. Akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha mafua. Alikohoa kwa nguvu, kwa hasira kidogo, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Fundi akasimama. Kiganja ukutani. Akageuza uso polepole, akangoja dunia itulie, na nikaona inavyotulia, maana macho yalitua usoni kwa dada yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Mama Ndoo akamwangalia kuanzia kichwani hadi miguuni. "Umekonda."

"Kidogo."

"Hm."

Akaweka mkoba begani, akaenda zake. Hakusema atakuja, wala hakusema tuje. Fundi alibaki amesimama hapohapo, akimtazama mgongo, kwa sababu akipiga hatua angempoteza. Kibonge akaanza kulia njaa. Watu wakatupita.

"Pindo la sketi yake limefumuka nyuma," Fundi akasema dada yake alipokunja kona. "Mshono wangu ule, wa zamani. Sijui amekwenda nalo hivyo tangu lini."

Akaushika ukuta, tukaendelea.