Bastola ya Kidachi na Hesabu ya Bibi

Mwezi uliopita nilipita sokoni Matrah bila haja yoyote, kama ilivyo kawaida yangu. Tangu niache shule nikiwa darasa la tisa sijapata kukaa mahali pamoja mwaka mzima, na kila nikirudi Maskati huanza kwa kuchungulia maduka ya vitu vya kale. Ndani ya kabati la kioo, kati ya majambia na bunduki ndefu, nikaona bastola ya Kidachi, ya wale Wajerumani wa zamani. Miguu ikakataa kuondoka. Mwenye duka akadhani nataka bei.

Kama ulikulia nyumba za Waomani waliorudi kutoka Unguja, utanielewa. Yetu ilikuwa Bausher, miaka ya tisini, kabla maduka makubwa hayajatuzunguka. Asubuhi tuliamshwa na mkwaruzo wa mbuzi ya kukunia nazi, maana Bibi hakuamini nazi ya kopo. Ijumaa nyumba nzima ilinukia ubani na pilau. Kazi yangu ilikuwa kupanga mito na kufukiza vyumba. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa kunivurugia. Ndani tulisema Kiswahili cha Unguja, mlangoni Kiarabu, na tukigombana tulitumia chochote kilichokuwa karibu na ulimi.

Babu alikuwa keshafariki. Katika vitu alivyoacha, kimoja tu Bibi alikifungia kabatini: bastola aliyoinunua Tanga ujanani, kwa mtu aliyeapa kwamba ilikuwa ya afisa wa Kidachi. Babu hakuwa mtu wa kupiga risasi, alikuwa mtu wa kutazama. Akiipangusa kwa kitambaa laini, akituonyesha goti la chuma lililokuwa mgongoni mwa bastola, linalokunjuka kama mguu wa panzi, kisha akiirudisha.

Jirani yetu, mwalimu wa historia, alikuwa akikusanya vitu vya Wadachi: sarafu, stempu, hata vifungo vya makoti. Bibi akaamua kumpa bastola ile, ikae kwa mtu anayeijua. Ila alitaka aitoe risasi kwanza. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, halua na kahawa vimeshaandaliwa vinamngoja mgeni. Bibi akachomoa kikasha cha risasi kwenye mpini, kama alivyokuwa akimwona Babu, akazisukuma nje kwa dole gumba, moja moja, akihesabu kwa sauti. Zikatoka sita.

"Kwisha," akasema. "Ndo maana Waarabu wakaiita musaddas. Sita hiyo, kama sudusi ya mirathi, fungu moja katika sita. Jina halidanganyi. Haya shika, ushibe, usije ukasema nlikunyima."

Nikaishika. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na baridi. Mdogo wangu, miaka mitano wakati ule, akaruka katikati ya busati, akatanua kifua na kufumba macho.

"Nipige, dada! Leo ntakufa vizuri, utaona!"

Nikamlenga. Nikavuta, haikuvutika.

"Hata bastola inakuona huna nguvu," Bibi akacheka.

Mtu mwingine angeiacha. Mimi nikaanza kutafuta kinachoizuia. Pembeni palikuwa na kidude kidogo, nikakisukuma, kikasogea.

"Hodi." Mwalimu alikuwa keshasimama mlangoni. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mwanangu, toa kidole hapo. Mtutu uelekeze chini. Ahsante."

"Aa, Maalim, usitishike. Haina kitu, nshazitoa zote sita."

"Bi Mkubwa, Mdachi hakusoma mirathi." Akaichukua mkononi mwangu, akalivuta lile goti. Risasi ya saba, iliyokuwa imelala ndani ya mtutu, ikaruka na kuangukia sahani ya halua, ikazama nusu.

Mdogo wangu alikuwa bado kafumba macho.

"Mbona hunipigi?" akalalamika.

Bibi akampakata, akamlisha tende. Mdogo wangu alipokimbilia nje kucheza, Bibi akatugeukia mimi na mwalimu. "Huyu asijue. Atakuja kunitazama vyengine." Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaifunga bastola kwenye kanga aliyopewa, akaondoka bila kunywa kahawa.

Leo Bibi hayupo, mwalimu hayupo, na bastola sijui iko kwa nani. Nyumba imevunjwa, pamejengwa fleti. Hata Kiswahili kile, ambamo neno la mirathi liliweza kuhesabia risasi, sikisikii tena. Watoto wa mdogo wangu hunijibu kwa Kiarabu na Kiingereza. Baba yao ana nyumba Mabela, na kitambi, na kila nikifika hunigombeza mbele ya mkewe: dada utatulia lini, dada umri unakwenda, dada huna unachokijali.

Tulikuwa watatu tuliojua, nimebaki mimi. Humwacha agombeze mpaka achoke. Sijapata kusikia sauti tamu kama ile.