Mnunuzi wa Saa ya Chakula

Mimi ndiye niliyemshauri Baba auze nyumba yetu ya mtaa wa Quartier Asiatique, ile yenye ua mpana na mlango wa bluu, tukanunue apatema gorofa ya nne katikati ya mji. Nisimsingizie mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeshauza vitambaa dukani kwa Baba mpaka vidole vimekakamaa, na nilikuwa nimechoka kuishi chini na kuku wa majirani. Nilitaka kupanda. Jamani, nilipanda!

Aliyetuuzia alituahidi asanseri ya kutupandisha na kutushusha, jenereta, mlinzi mwenye glavu nyeupe, na ziwa. Ziwa lilikuwepo kweli. Ukitoka kwenye balkoni, ukashika chuma kwa mikono miwili na kupinda shingo mpaka iume, uliona Tanganyika ya ukubwa wa leso. Dirisha la jikoni ndilo lililoona mbali, lakini lilitazama barabara, na nyuma yake mtaa wa Kinama na milima. Milima hiyo muuzaji hakuitaja hata kidogo. Hakuna aliyejua kwamba baada ya muda mfupi tungekuwa tunaitazama kuliko ziwa, tukikisia moshi wa leo unatoka kwa nani.

Vita vyenyewe sitavisimulia. Wapo waliolipa roho, na mimi nalalamikia ngazi. Kwetu sisi vita vilianza kwa kula anasa. Umeme ukawa wa kubahatisha. Kisha nchi ikawekewa vikwazo, mazutu, yaani dizeli ya jenereta, ikaadimika, na asanseri ikakwama kati ya gorofa ya pili na ya tatu. Mlinzi aliondoka siku moja asirudi, na glavu akaenda nazo.

Mama alikuwa na magoti mabovu. Mara yake ya mwisho kushuka ilikuwa kwenda kumzika dada yake. Kurudi juu alianza kupanda baada ya alasiri, akafika magharibi inaadhiniwa, analia kwa maumivu na mimi namsukuma mgongoni. Baada ya hapo hakushuka tena. Miezi minane! Mwanamke ambaye kule Asiatique alivuka barabara mara tano kwa siku kwenda kuazima ungo asiouhitaji, sasa alikaa kwenye kiti cha plastiki dirishani jikoni. Mashoga zake walipanda mara moja moja, kisha wakawa wananituma mimi. Salamu zinapanda ngazi vizuri kuliko watu. Akachukua kipande cha kitambaa cha kijani nilichomletea kutoka dukani, akakifunga dirishani. Nikamuuliza cha nini. Akasema cha kuzuia jua. Nikamcheka, maana dirisha lile jua lilikuwa halilijui.

Siku moja akasema, "Mi nitafia huku juu, na mutanishusha na kamba kama kabati." Nilicheka tena. Yeye hakucheka, na ndipo nilipoogopa.

Basi tukaamua kuuza. Mtaani Buyenzi kulikuwa na nyumba ndogo, vyumba viwili na ua, ya bibi mmoja mjane aliyekuwa anahamia kwa watoto wake Kigoma. Alitupa ahadi mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Ukiandama hatujanunua, anampa mwingine. Wengine walikuwa wengi, kwa sababu mji mzima ulikuwa umegundua uzuri wa kukaa karibu na ardhi. Nyumba za chini zilipanda bei, yetu ya juu ikashuka. Mimi na akili zangu za biashara!

Wanunuzi walikuja wawili tu. Wa kwanza aliuliza kama risasi hufika huku juu. Baba, Mungu amrehemu, hakuwahi kusema uongo nyumbani kwake. "Mara moja tu," akasema, "pale, juu ya kiti ulichokalia." Yule bwana aliacha chai nzima kikombeni.

Wa pili ndiye huyo ninayetaka kumsema. Alikuwa muuza mazutu, mmoja wa wale ambao vikwazo viliwanenepesha. Alikulia mtaa wetu wa zamani, kwa hiyo alimjua Baba, na alijua kanuni ya Baba. Dukani Baba alibishana bei na mteja mpaka mteja aape kwa mama yake. Lakini mtu akishakula nyumbani kwako, siku hiyo hujadiliani naye bei. Chumvi yako imo tumboni mwake, utamkaba vipi? Wazee wengi wa mtaa wetu walikuwa hivyo. Na mwenzetu alipiga hodi saa sita na nusu kamili, pua mbele.

Siku ya kwanza alikuta pilau. Alikula, akajifuta mdomo, akataja bei iliyotunyima theluthi ya tulichotoa. Baba akaitazama sahani. "Tutaona, mwanangu." Siku ya pili alikuta samaki, mukeke wa kukaanga. Alimsifu Mama, akaomba limau, akataja nusu. Kwa nusu ile nyumba ya Buyenzi tungeisikia tu. Baba akamwambia, "Ongeza wali." Mimi nilikuwa jikoni nimeshika sufuria ya mchuzi wa moto, na shetani ananinong'oneza mambo mazuri sana.

Alipoondoka nikamwambia Baba, "Unamlisha mtu anayetula sisi."

"Adabu haiuzwi," akasema.

"Ni kweli. Ndiyo kitu pekee ambacho hatujakiuza kwa hasara."

Mama alikuwa amesikia yote kutoka dirishani.

Wiki moja kabla ya Ramadhani yule bwana akaagiza kwamba atakuja Jumatatu. "Jumatatu? Vizuri sana," Mama akasema. Usiku huo akatangaza kwamba Jumatatu nyumba nzima itafunga sunna. Baba aliinusa hila. Lakini nani atamkataza mkewe ibada?

Akaja saa yake ileile. Nina hakika asubuhi hakula, alikuwa ameacha nafasi. Alinusa sebule, hakukuwa na harufu yoyote. Mama akatoka na mkongojo wake, akakaa mbele yake, goti kwa goti.

"Mutoto wangu, leo tumefunga. Hata maji sikupi, utanisamehe. Mgeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Leo ni siku ya jembe. Sema bei."

Akataja nusu yake.

"Apana. Hiyo ni bei ya mwenye kushiba."

Wakaanza. Ilichukua muda, na tumbo la yule bwana lilinguruma mpaka nikalisikia mlangoni. Mara tatu alipandisha, mara tatu Mama akasema apana, akamkumbusha nani alimfunga jeraha alipoanguka mtaani akiwa mdogo. Baba naye mara hii alifungua mdomo, maana hakukuwa na chumvi katikati yao, na akambana yule bwana kama mteja wa dukani. Tuliuza kwa hasara ya kutia aibu, lakini fedha ya nyumba ya Buyenzi ilitosha. Baba akasema hasara ni yake mwenyewe, si yangu. Uongo wake wa kwanza nyumbani.

Siku ya kuhama muuza mazutu alituletea wapagazi wake wanne wambebe Mama. "Mi si pipa," akasema. Akakaa kwenye ngazi ya juu kabisa, akateremka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, mimi mbele nimeshika viatu vyake, Baba nyuma na mkongojo. Alipofika gorofa ya tatu alipumzika, akaupiga kofi mlango wa asanseri, akaendelea.

Nje akaweka nyayo kwenye vumbi na kusimama. Nikamwambia, "Haya Mama, iangalie anasa yetu mara ya mwisho. Mimi hata sijui dirisha letu ni lipi."

"Ni ile yenye kitambaa cha kijani," akasema. "Nilikifunga ili ukione. Kila asubuhi nilikuwa nakuona unatoka, mpaka unapinda kona. Nilikuwa nakupungia mukono. We hukuangalia juu hata siku moja."

Hakusema kwa hasira. Nikachuchumaa pale barabarani nikamvalisha viatu, na sikuweza kuinua uso.